Watafiti wanapishana Gazi bila kujuana, na sisi ndio tunaolipa

Mwezi wa Julai ukiingia, kusi limekaza na wavuvi wengi wamepandisha vyombo pwani, ndipo vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vinapokuwa kwenye likizo yao ndefu. Ndipo pia wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamifu wanapovuka Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga kuja kwetu. Mmoja anashukia Diani kuuliza habari za utalii, mwengine Kinondo kuuliza habari za kaya, wa tatu Gazi kupima mikoko, wa nne Msambweni kuwauliza kina mama habari za malaria. Kutoka vyuo vya humu nchini, vya Nairobi, Mombasa na Kilifi, nako wanakuja. Wote wana barua, wana hojaji, na wengi wao wana adabu zao. Tatizo ni kwamba hawajuani.

Anayewahoji wavuvi wa Mkunguni leo huenda asijue kwamba mwenzake aliwahoji wavuvi hao hao mwaka jana, kwa maswali yanayokaribiana. Anayepima maji ya mto Mkurumuji hamjui anayehesabu samaki pale mto huo unapomwaga, ndani ya Ghuba ya Gazi. Kila mmoja anaanza na ukurasa mtupu, kila mmoja anaondoka na tasnifu yake. Mwananchi wa Chale au Makongeni anabaki kujibu maswali yale yale: una watoto wangapi, unavua wapi, unapata kilo ngapi, pesa ukizipata unazitumia vipi. Mvuvi aliyekaa saa mbili kujibu hojaji amepoteza saa mbili za kushona nyavu, na hakuna anayemlipa.

Jambo hili si jipya, lakini sasa limekuwa la haraka. Mgodi wa Base Titanium ulimaliza uchimbaji wake Desemba 2024, na nyuma yake umeacha maswali chungu nzima: hatima ya ardhi iliyochimbwa, maji ya bwawa la Mkurumuji, vijana waliokuwa na ajira, familia zilizohamishwa. Upande wa bahari kuna biashara ya kaboni na huu wimbo wa uchumi wa buluu. Mambo kama haya ndiyo yanayotafutwa na wanafunzi wa masomo ya maendeleo. Watakuja wengi zaidi. Wakija kama walivyozoea, kila mtu na njia yake, tutahojiwa mpaka tuchoke na maswali yenyewe yabaki bila majibu.

Kwa hivyo hoja yangu ni moja. Ushirikiano baina ya wanafunzi hawa si anasa ya wasomi wala si mambo ya kubadilishana kadi kwenye makongamano ya hotelini. Ni jambo linalomhusu mwenye kijiji, na mwenye kijiji ana haki ya kulidai.

Kila mmoja na nusu yake ya bahari

Chukua mfano wa uvuvi, ambao sisi sote tunaujua. Bahari yetu ina misimu miwili mikubwa. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, mawimbi ni makubwa na chombo kidogo hakithubutu kutoka nje ya mwamba. Mvuvi anavua ndani, anapata kidogo, au anashika jembe. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, bahari inatulia. Vyombo vinatoka, samaki wanapatikana, na wavuvi wa dago kutoka Pemba wanafika na nyavu zao. Huo ndio wakati wa pesa, na pia ndio wakati wa magomvi juu ya nani avue wapi na kwa zana gani.

Sasa mwanafunzi wa Julai na Agosti anaandika nini? Anaandika kwamba mvuvi wa Msambweni ni maskini hohehahe, anategemea maji ya ndani ya mwamba na samaki wamekwisha. Aliyekuja Januari anaandika kwamba samaki wanapatikana na tatizo kubwa ni wageni. Kila mmoja amesema kweli, na kila mmoja ameona nusu ya bahari. Aliyehesabu pweza wakati wa maji mafu naye hakuona kile alichokiona mwenzake wakati wa bamvua, kina mama walipotembea mpaka mwambani.

Wawili hawa wangekutana, wakawekana wazi vipimo vyao na tarehe zao, wangekuwa na mwaka mzima. Wasipokutana, ripoti moja inaangukia meza ya afisa fulani na nyengine inabaki kwenye rafu ya maktaba ya mbali. Afisa akipanga msaada au sheria ya nyavu kwa kutumia nusu ile, atakayeumia si mwanafunzi. Yeye keshapata shahada yake. Atakayeumia ni nahodha na mabaharia wake.

Gazi tayari imeonyesha njia

Wapo watakaosema ushirikiano wa namna hii ni ndoto. Jibu liko Gazi kwenyewe.

Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko ya Ghuba ya Gazi ilikatwa kuwa kuni za viwanda, na mahali pengine palibaki matope matupu. Mapema miaka ya 1990, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ilianza kupanda miti upya ikishirikiana na wanakijiji. Aliyeongoza kazi hiyo, James Kairo, baadaye alipata shahada ya uzamifu katika chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel nchini Ubelgiji kwa utafiti wa mikoko ya Kenya. Jared Bosire akafuata njia hiyo, akachunguza kama viumbe vinarudi kwenye mikoko iliyopandwa: kaa, kamba, na miche inayojiotea yenyewe. Bernard Kirui na wenzake mwaka 2006 wakachapisha hesabu ya kukisia uzito wa mkoko uliosimama bila ya kuukata, kwa kupima unene wake. Fredrick Tamooh na wenzake mwaka 2008 wakaeleza uzito wa mizizi iliyo chini ya matope. Joseph Lang'at naye akafanya uzamifu wake Edinburgh Napier, Uskoti, alikokuwa Profesa Mark Huxham, akichunguza kaboni ya udongo wa mikoko ya Gazi.

Ukiwatazama mmoja mmoja, utaona wanafunzi waliokuwa wakitafuta shahada. Ukiwatazama pamoja, utaona ngazi. Kwa sababu mtu hauzi kaboni kwa maneno. Mnunuzi anataka kujua msitu una miti mingapi, mti mmoja una uzito gani, mizizi ina kiasi gani, matope yamehifadhi nini, na kila mwaka kinaongezeka nini. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye tasnifu yake peke yake ingejibu yote hayo. Zilipowekwa juu ya nyengine, likapatikana jibu.

Jibu hilo ndilo Mikoko Pamoja, mradi ulioanza mwaka 2013 chini ya vigezo vya Plan Vivo, ukiwahusisha wakaazi wa Gazi na Makongeni. Unalinda hekta 117 za mikoko kwa mkataba wa miaka 20, na ulikadiriwa kuzuia takriban tani 3,000 za hewa ya kaboni kila mwaka. Pesa zake zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Mwaka 2017 mradi ukapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Baadaye wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakauchukua mfano huo kwa mikoko yao. Nao hawakulazimika kuanza na ukurasa mtupu, kwa sababu hesabu zilikuwepo.

Tuulize basi: ni kitu gani kiliwafanya hawa wajengane badala ya kupishana? Naona mambo matatu. La kwanza, palikuwa na mwenyeji wa kudumu. Kituo cha KMFRI kiko pale pale Gazi, na aliyekuja alikuta mtu wa kumwambia nani amefanya nini kabla yake. La pili, walifanya kazi kwenye vipande vile vile vya msitu, hivyo kipimo cha mwaka huu kililinganishwa na cha miaka iliyopita. La tatu, wasimamizi wao, wa hapa na wa Ulaya, walijuana na wakaendelea kujuana kwa miaka mingi.

Utafiti wa mikoko umepata bahati hiyo. Maswali ya ardhi, ajira, utalii, elimu na uvuvi hayajapata mwenyeji kama huyo huku kwetu, na humo ndimo wanafunzi wengi wa maendeleo wanamoangukia.

Silsila si jambo geni kwetu

Sisi watu wa pwani tusijifanye kama jambo hili tunafundishwa na wazungu. Elimu ya dini katika mwambao huu ilisafiri kwa mtandao wa wanafunzi na masheikh. Sayyid Ahmad bin Sumeit alizaliwa Ngazija, akasoma Hadhramaut, akafika mpaka Istanbul, akawa kadhi Unguja. Sheikh Abdallah Bakathir alitoka Lamu na kuja kufundisha Unguja, na wanafunzi wakamfuata kutoka pande zote za mwambao. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na mpaka leo wapo masheikh wanaoweza kukutajia mlolongo wa walimu unaowafikia.

Mlolongo huo ndio silsila. Mwanafunzi hakuwa akijisomea tu na kuondoka. Alijulikana amesoma kwa nani, kitabu gani, na mwalimu wake naye alisoma kwa nani. Aliyepewa ijaza alibeba amana, na amana hiyo ilimlazimisha kuwafundisha waliomfuata. Tasnifu ya leo nayo ina orodha ndefu ya vitabu mwishoni, lakini mara ngapi mwandishi wake amewahi kuketi na yule aliyemtangulia katika kijiji kile kile? Vitabu anavijua, watu hawajui.

Kwa nini hawakutani

Tusiwaonee wanafunzi. Mfumo wenyewe ndio unaowatenganisha.

Tasnifu lazima iwe kazi ya mtu mwenyewe na iseme jambo jipya, hivyo kila mmoja anaogopa kumwonyesha mwenzake alichonacho kabla hajamaliza. Muda ni mfupi na pesa ni za kuhesabu. Mwanafunzi wa uzamili kutoka nje huenda ana wiki chache tu za kuwa huku. Wa chuo cha hapa nchini huenda anajilipia mwenyewe huku akifundisha shule, na uchunguzi anaufanya Jumamosi. Mmoja ana vifaa lakini hana lugha, mwengine ana Kiswahili na Chidigo lakini hana nauli ya kwenda kongamanoni. Wangefaana sana, lakini hakuna anayewakutanisha.

Tena matokeo yakichapishwa, mara nyingi yanafungiwa kwenye majarida ambayo kusoma makala moja ni lazima ulipe kwa dola. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anaweza kushindwa kusoma utafiti uliofanywa Kwale, mwendo wa saa chache kutoka chuoni kwake.

Mikusanyiko ya kusaidia ipo. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari Hindi, ilianzishwa mwaka 1993 na makao yake yako Zanzibar. Inatoa ruzuku za utafiti, ina jarida lake, na huandaa makongamano makubwa: mwaka 2019 lilikuwa Mauritius, mwaka 2022 Gqeberha, Afrika Kusini. Kwa wanaosomea afya ya jamii na idadi ya watu kuna CARTA, ushirika wa vyuo vya Afrika ulioanzishwa mwaka 2008 kuwasaidia wanaosomea uzamifu. Hayo ni mambo mema. Lakini mikutano ya mbali inawaunganisha watafiti na watafiti. Anayehojiwa hayupo, na anayeanza hana tiketi.

Sheria nayo imefanya nusu ya kazi. Chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI. Kwa kawaida leseni hiyo inamtaka ajitambulishe kwa maafisa wa serikali katika kaunti kabla ya kuanza, na akimaliza awasilishe ripoti yake. Karatasi basi zipo. Lakini karatasi hiyo inapanda kwenda Nairobi. Haiteremki kuja kwa mwenyekiti wa BMU ya Gazi wala kwa mzee wa mtaa wa Chale.

Majina yaliyobaki kwenye shukrani

Kuna kundi ambalo tayari linawajua watafiti wote, nalo ni vijana wetu. Mgeni akifika hatafuti njia peke yake. Anatafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne au mwenye diploma kama mimi, ajuaye Chidigo, ajuaye nyumba, ajuaye nani anapatikana baada ya swala ya alasiri. Kijana huyo anatafsiri maswali, anawatuliza wazee wenye shaka, anasahihisha makosa ambayo mgeni hayaoni. Mwezi ukiisha analipwa posho, na jina lake linaingia kwenye ukurasa wa shukrani.

Akija mtafiti mwengine, anaanza upya na kijana huyo huyo. Kwa hivyo kumbukumbu ya utafiti wa kijiji imo kichwani mwa msaidizi asiye na cheo. Yeye ndiye angeweza kusema, "Dada, swali hili liliulizwa na fulani, na majibu yake anayo." Lakini hakuna anayemuuliza, kwa sababu ameajiriwa kama mkalimani tu.

Tukizungumza mtandao wa wanafunzi wa uzamili na uzamifu, basi uanze hapa. Msaidizi mwenye uwezo asaidiwe kusoma. Aliyeshiriki kukusanya na kuchambua aandikwe jina kama mwandishi mwenza, si kama dereva wa bodaboda. Mgeni wa uzamifu aoanishwe na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani au wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa anayeshughulikia jambo linalokaribiana. Mgeni atapata lugha na miaka, mwenyeji atapata vifaa na mlango wa kutokea nje. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kwetu wageni wa utafiti wamekuja miongo na miongo. Mwenyeji naye ana haki ya kuuliza anapona lini.

Tufanye nini

Hatuna haja ya kubuni kila kitu. Kilifi, programu ya KEMRI na Wellcome Trust iliyoanza mwaka 1989 ina wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wananchi na kukutana na watafiti mara kwa mara. Afrika Kusini, jamii ya Wasan iliyochoka na watafiti ilitoa kanuni zake yenyewe mwaka 2017, ikitaka heshima, ukweli, haki, na matokeo kurudishwa kwao. Hao hawakuwa na wizara wala chuo. 

Kwale tunaweza kuanza na mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, daftari. Ofisi ya kaunti ndogo ya Msambweni na kila BMU ziwe na daftari moja la watafiti: jina, chuo, mada, kijiji, tarehe, na namna ya kumpata. Mgeni mpya alisome kabla ya kuuliza swali la kwanza.

Pili, baraza la mwaka. Siku moja ya Agosti, wanafunzi wote walioko kati ya Diani na Vanga wakutane Gazi au Msambweni na wavuvi, kina mama, wazee wa kaya, walimu na maimamu. Kila mmoja azungumze dakika kumi kwa Kiswahili, au atafsiriwe. Wakishasikilizana wao kwa wao, watajua wenyewe nani ana nusu gani ya bahari. Waliokuja Januari watume muhtasari usomwe.

Tatu, kurasa mbili. Hakuna barua ya utambulisho kutoka kijijini bila ahadi ya kuleta kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili chepesi, zibandikwe penye mnada wa samaki na zibaki shuleni.

Nne, kuoanisha, kama nilivyoeleza. Wasimamizi wa vyuo viwili wakiandikiana barua moja kabla ya mwanafunzi kusafiri, kazi imekwisha.

Nayajua maneno yatakayosemwa. Kwamba daftari litageuka kizingiti, kwamba kutatokea madalali wa kudai chai ili mtu aandikwe. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa sababu tunajuana. Ndiyo maana daftari liwe wazi, liwe bure, na likae sehemu zaidi ya moja. Wengine watasema tukiweka masharti watafiti watahamia kwengine. Wale wa mikoko hawakuhama. Walikaa miaka 30 kwa sababu walipata mahali penye utaratibu, na mtafiti mzuri anapenda mahali palipo na kumbukumbu.

Miaka michache ijayo serikali, wawekezaji na wafadhili watakata shauri juu ya ardhi ya mgodi, maji ya Mkurumuji, na nani avue wapi katika bahari hii. Watauliza ushahidi. Ukiwa umetawanyika katika tasnifu hamsini zisizojuana, watachagua ile inayowafaa wao. Ukiwa umeunganishwa, na sisi tunao mkononi kwa lugha yetu, itakuwa vigumu kwa mtu yeyote kutueleza habari za bahari yetu kinyume na tunavyoijua.